Spika za saraundi kwa nyumba za Lamu na Malindi: uanze na zipi, uwache zipi dukani

Watu wengi wakienda kununua spika za saraundi, zile za pembeni na nyuma yako ukitazama filamu, swali la kwanza ni "wati ngapi?", na muuzaji ashajua hivyo ndo maana boksi limeandikwa PMPO, ile nguvu ya kutangazia biashara, elfu kumi kwa maandishi makubwa. Hiyo namba wachana nayo kabisa, tafuta RMS, nguvu inayostahimili muda wote, halafu uangalie sensitiviti ile ya dB, yaani spika inatoa sauti kiasi gani kwa nguvu inayopewa, manake spika ya dB 90 inataka nusu tu ya nguvu ambayo ya dB 87 inahitaji kutoa sauti ile ile. Lakini kwa sisi wa huku hata hayo yanakuja baadaye, cha kwanza ni munyu. Hewa ya bahari inaingia usiku kucha madirishani, inakula skrubu, inakula wavu wa chuma, inavimbisha mbao za kubandikwa, na ule ukingo wa sponji unaoshika koni, ile sehemu inayotetemeka kutoa sauti, unaanza kumeguka wenyewe. Spika inayosifiwa Nairobi huku inaweza kuzeeka haraka sana, kwa hivyo mpangilio wangu ni wa pwani.

Namba moja naziweka spika za nje, zile unazoziona zimefungwa kwenye mabaraza ya hoteli. Bodi ni plastiki ngumu, wavu ni wa aluminiamu, koni ya polipropilini haifyonzi maji, na ukingo mara nyingi ni raba. Mifano ni Yamaha NS-AW, Polk Atrium, Klipsch AW. Mtu atakwambia hazina besi, sawa, lakini spika ya nyuma haina kazi ya besi, risiva, ile mashine inayoziendesha spika, ukiiseti 80 Hz sauti zote za chini ya hapo zinaenda kwa wufa, spika ya besi. Tena nyingi zinakuja na breketi yake kwenye boksi, hutafuti fundi wa kukuchongea.

Mbili ni spika ndogo za rafu za kawaida. Hizi zina sauti tamu kuliko zote kwa bei ile ile, na kama unakaa Malindi kwenye fleti ya madirisha ya vioo na AC ningekwambia chukua hizi moja kwa moja. Geuza nyuma uangalie: mbao iwe imefunikwa pande zote isiwe wazi, ukingo uwe raba, na tundu la hewa liwe mbele au lisiwepo kabisa. Hili la tundu ni muhimu hasa kwa watu wa Lamu manake najua mnapenda kuzitia spika kwenye zidaka, mahali pazuri tayari pamejengwa ukutani, ila spika yenye tundu nyuma ukiisukuma ndani ya kidaka inavuma kama mtu anaongea ndani ya mtungi, maneno hayasikiki. Tumia iliyozibwa na uilete mpaka ukingoni mwa kidaka.

Tatu ni baipola, zile zenye spika mbili ndani ya bodi moja, huku na huku. Kwa nyumba za mawe za Mkomani, mtaa wa kale wa Lamu, hizi ningezipandisha hata juu ya za rafu. Upana wa vyumba vya zamani ulifuata urefu wa boriti za mkoko, kwa hivyo ni virefu lakini vingi havifiki mita 3 kwa upana, na ukikaa kochini spika iko hapa tu karibu na sikio. Spika ya kawaida hapo inakupigia kelele sikioni filamu nzima, baipola inatawanya sauti huwezi kujua inatokea wapi, ndivyo inavyotakiwa. Shida ni bei na upatikanaji.

Za dari naziweka nne, kwa nyumba mpya yenye dari ya jipsam tu. Boriti na makuti hapana. Na hata kwenye jipsam, mfumo wa 5.1, yaani spika tano na wufa moja, unataka spika za nyuma ziwe juu ya masikio kidogo, sentimita 30 hadi 60 hivi, pembeni yako na nyuma kidogo, si utosini.

Za waya-lesi tano. Watu wanadhani hazina waya kabisa, kumbe kila moja inataka soketi yake ya stima huko nyuma, na nyumba nyingi za zamani soketi iko moja chumba kizima. Ukiletewa za mtumba kutoka Japani au Marekani soma volti kwanza, za kwao ni 100 au 120, sisi 240, ukichomeka tu imeungua.

Mwisho kabisa ni homu thieta ya boksi moja. Spika zake nyingi ni ohm 3 au 4 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme, na nyingi za kawaida ni 6 au 8) na plagi ni ya kampuni yenyewe, siku mashine ikifa spika nazo zimekufa nayo, kuziunga kwa risiva nyingine ni taabu. Afadhali risiva ya mtumba na spika mbili nzuri, uongeze polepole.

Kuhusu waya, nunua shaba halisi, ukikwangua ncha ukaona nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, iwache. Kwa mita 10 kwenda nyuma waya wa milimita za mraba 1.5 unatosha spika ya ohm 8, kwa ohm 4 chukua 2.5. Ncha zikiwa kijani kata kidogo ukwangue upya. Na ukuta wa chokaa haushiki plagi ya skrubu vizuri, hasa chokaa cha zamani, na kuta za nakshi usizitoboe jamani, weka stendi.

Spika zijaribiwe kabla hazijapanda basi, kurudisha kitu Mombasa kutoka Lamu ni boti hadi Mokowe halafu barabara yote ile. Bonyeza koni polepole kwa vidole vyote, ikikwaruza ni mbovu. Halafu gusisha betri ya 1.5V kwenye terminali, chanya kwa nyekundu, sekunde tu: koni zote zitoke nje. Moja ikiingia ndani imeungwa kinyume, mwambie muuzaji aifungue hapo hapo.