Ninja 400 ya Uwanjani: Tutoe Nini Kwanza?

Karibuni tena jamani. Leo pikipiki ipo juu ya stendi, makava yote yako chini, kwa hiyo hakuna kitakachojificha. Hii ni Kawasaki Ninja 400, ile iliyotoka 2018: silinda mbili, injini ya ujazo wa cc 399, nguvu za farasi kama 45. Ikiwa na ABS, yaani mfumo unaozuia gurudumu lisigande ukifunga breki, na tanki limejaa inagonga kilo 168. Barabarani huo ni wepesi wa kutosha. Kwenye uwanja wa mbio bado imebeba vitu vingi visivyo na kazi, na mimi nataka tuone vipi vitoke mapema na vipi ni kutupa hela.

Tuanze na vya bure. Saitimira, indiketa, taa, pleti namba pamoja na kishikio chake kirefu, kiti na vikanyagio vya abiria. Hivyo vyote ni spana na uvumilivu. Stendi ya pembeni nayo inatoka, ila tazama huu waya hapa: ni wa swichi ya stendi. Usiposhughulikia swichi hiyo, injini inaweza kukuzimikia kila ukiingiza gia, kwa sababu kwa akili yake stendi bado iko chini.

Halafu kuna petroli, ambayo watu hata hawaihesabu. Tanki ni la lita 14, na lita moja ina karibu robo tatu ya kilo. Ukiingia uwanjani na nusu tanki, umeshapunguza kilo tano, tena za juu, zile zinazofanya pikipiki iwe nzito kuilaza kwenye kona. Kipindi cha dakika 20 hakimalizi nusu tanki. Nionyesheni kipuri kinachotoa kilo tano bila senti!

Sasa vya kununua. Betri ya lithiamu: ile ya kawaida ina kama kilo tatu, hii haifiki hata moja. Ni kazi ya dakika chache, naipa alama nzuri, mradi uwe na chaja inayoendana nayo. Ekzosi nzima, kuanzia kwenye injini hadi mwisho, inatoa kilo kadhaa pia, lakini usiifunge ukaishia hapo. Hewa ikibadilika, kompyuta ya injini ipangwe upya kiwango cha mafuta. Ekzosi pekee inakupa kelele nyingi na mwendo uleule, na majirani wa kutosha kukuchukia.

Makava ya faibaglasi ni mepesi, lakini mimi nayapendea jambo lingine. Lile la chini limefinyangwa kama beseni, na mashindano mengi yanalidai hivyo ili injini ikipasuka oili ibaki humo, isimwagike njiani mwa wenzako. Kwa sababu hiyohiyo viwanja vingi vinataka kulanti, kile kimiminika cha kupoza injini, itolewe kwenye rejeta na yawekwe maji matupu: kulanti ikimwagika inateleza vibaya. Na nati ya kutolea oili inatobolewa na kufungwa waya, isije ikalegea.

Rimu. Hapa naomba mnisikilize vizuri, maana kilo zote hazilingani. Uzito ulioko ukingoni mwa gurudumu unausukuma mara mbili: unakwenda mbele na pikipiki, na wakati huohuo unazungushwa. Ukipiga hesabu, unapoongeza kasi kilo moja pale ukingoni inakugharimu sawa na kilo mbili zilizofungwa kwenye fremu. Juu ya hapo, gurudumu jepesi linafuata mashimo na matuta kwa urahisi, na usukani unageuka haraka. Rimu nyepesi ni ghali mno, sikatai. Lakini kati ya rimu hizo na vile vipande vya kaboni vya kupamba tanki, sioni hata cha kujadili.

Ila kabla ya rimu, shokapu. Huu ndio udhaifu wa Ninja 400 uwanjani, na kupunguza kilo hakuuponyi. Shokapu za mbele, za milimita 41, hazina sehemu yoyote ya kurekebisha, na springi ni laini. Mkifunga breki kwa nguvu mtaona pua inavyozama hadi karibu mwisho. Ukiachia, inaruka, na tairi la mbele linapoteza mshiko palepale unapolihitaji. Weka springi zinazolingana na uzito wako ukiwa umevaa gia zote za usalama, na oili nzito kidogo. Nyuma, shokapu ya kiwandani inakuruhusu kukaza springi tu, kwa hiyo badilisha nzima ukiweza. Mwenye springi sahihi na saitimira zake bado zimening'inia atampita mwenye pikipiki nyepesi inayochezacheza.

Sproketi, yale magurudumu ya meno yanayopitisha mnyororo, ni rahisi. Imetoka na meno 14 mbele na 41 nyuma. Kupunguza jino moja mbele ni karibu sawa na kuongeza matatu nyuma, kwa hiyo mbele ni kwa mabadiliko makubwa, nyuma ni kwa kurekebisha kidogokidogo. Ukiongeza nyuma, hakikisha mnyororo bado unatosha.

Msichotoboa: diski za breki, ekseli, fremu. Nimeona watu wakichimba matundu kwenye vishikio vya kalipa, ile inayobana diski ya breki, kutafuta gramu. Hapana.

Najua mtaniuliza kuhusu ABS, maana ukiitoa na mabomba yake unapata uzito fulani. Mimi ningeiacha kwa msimu mzima wa kwanza. Weka mabomba ya breki ya waya wa chuma, pedi za mbio, na fluidi mpya ya breki, aina ya DOT 4. Siku ABS itakapoanza kuingia kati kila kona kwa sababu unafunga breki kwa nguvu kuliko inavyotaka, siku hiyo itoe.