Ubao wa mawimbi madogo: mwaka mmoja nao, Malindi na huku kwetu ziwani

Wacha nianze na lile swali kila mtu wa Kisumu huniuliza nikipita kwa bodaboda nimekumbatia ubao wangu wa kuteleza juu ya mawimbi, ati huku mawimbi ya kupanda yako wapi. Yako. Si makubwa na mengi hayana maana, lakini yako, na ndio maana nilitafuta ubao mfupi wa kukata kona ila uliochongwa kwa mawimbi madogo ya kila siku, sio ile misumari myembamba ya watu wanaofukuza mawimbi ya kupita kichwa.

Wangu ni futi 5 na inchi 8, upana inchi 20 na nusu, unene inchi 2 na nusu, ujazo lita 32. Ndani povu la EPS, yaani polistirini nyepesi, nje gamba la rezini ya epoksi. Ni mtumba, niliununua Malindi kwa jamaa aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, 38,000 pamoja na kamba ya mguu na mapezi matano ya kufunga chini ya mkia, kwa hivyo unaweza kufunga matatu ama manne vile unapenda. Jamaa akaniapia utanibeba bila shida. Mimi nina kilo 78, yeye alikuwa mwembamba kama mwanzi, na hapo ningejiuliza maswali lakini nilikuwa nishauona unang'aa, basi.

Malindi nilikaa wiki mbili mwezi wa saba, kusi inavuma, maji ya kahawia vile Mto Sabaki humwaga udongo pale. Sehemu nyingi za pwani yetu mwamba unavunja mawimbi mbali huko nje, lakini Malindi kuna mwanya na yanaingia mpaka mchangani, ya kiunoni, siku ikiwa nzuri ya kifuani. Hapo ubao ulinifurahisha mpaka nikajiona najua. Pua pana, tumbo karibu bapa, mkia mpana, yaani wimbi likilegea katikati hauzami, unateleza tu juu ya ile sehemu ambayo ubao wangu wa zamani ulikuwa unagoma kama punda wa mkokoteni. Na hauhitaji kupigwa miguu sana, unaegemea tu kidogo unageuka. Mapezi manne yana mbio zaidi kwa wimbi dhaifu, hilo si uongo, lakini nikikata kona kwa nguvu mkia uliniponyoka mara mbili tatu, nikarudi kwa matatu, huo mtindo wa Simon Anderson, yule Mwaustralia aliyeshinda nao mashindano ya Bells Beach 1981 na karibu dunia nzima ikamfuata.

Shida Malindi ilikuwa moja tu, kulipata hilo wimbi. Lita 32 kwa kilo 78 na mimi si kijana wa kuogelea kila siku, kifua kinazama, mikono inachoka, wimbi linakupita unaliangalia mgongo. Watoto wa pale wanapanda kumi mimi nimepanda mawili. Nikasema ni mazoezi.

Sasa huku nyumbani. Dunga, ufukwe wa Ziwa Victoria hapa Kisumu, nilijaribu siku moja nikaacha, magugu maji yalikuwa yamejaa na wimbi lenyewe ni la kuosha miguu. Nikaenda kisiwa cha Rusinga, upande ule wa magharibi unaotazama ziwa wazi. Kutoka Kisumu unaenda mpaka Luanda Kotieno, unavuka na feri hadi Mbita, halafu boda. Kwa feri waliniambia niulaze juu ya magunia ya mahindi, nikaona sawa, bora usilale chini ya mbuzi.

Ziwa halina mawimbi ya kutoka mbali kama bahari, ni upepo tu. Asubuhi ni kioo, wavuvi wa omena wanarudi, saa saba saa nane mchana upepo unageuka unatoka ziwani na hapo mambo yanaanza. Tatizo ni kwamba yanakuja yamebanana. Malindi nilikuwa napata muda wa kupumua kati ya wimbi na wimbi, huku nilihesabu sekunde tatu, nne, hujasimama vizuri lingine lishakupiga matakoni. Na hapa ndipo wepesi wa EPS unakugeuka, ule wepesi uliousifu baharini, kwa maji yaliyovurugwa na upepo ubao unarukaruka kama kifuniko cha sufuria maji yakichemka, miguu inahisi kila kijiwimbi. Ubao wa povu zito la aina ya zamani ungetulia zaidi.

Halafu kuna jambo sikuwahi kusikia muuzaji akilisema. Maji ya ziwa ni mepesi kuliko ya bahari kwa kama asilimia 2 na nusu, kwa hivyo hayakubebi vizuri kama ya bahari. Unaona ni kidogo, lakini si ubao tu unaopoteza, na mwili wako pia, ukijumlisha ni kama umefungiwa pakiti ya unga ya kilo mbili mgongoni. Mimi ambaye tayari nilikuwa nimepungukiwa lita, nikikaa juu ya ubao kungoja wimbi maji yananifika kifuani, nachungulia tu. Mzee mmoja aliyekuwa anaanika omena aliniangalia muda mrefu akaniita, "Omera, hiyo ni nusu. Nusu ingine umewacha wapi?" Akanionyesha pia matete ya upande wa kushoto, akasema kule nisiende, kuna wenyewe. Viboko. Uliza wavuvi kwanza kila mara, na kichocho pia kiko ufukweni, mimi nilienda kupimwa nikapewa dawa.

Hata hivyo alasiri moja nilipanda wimbi la magotini karibu mita thelathini, likafa, ubao ukaendelea kuteleza, likaamka tena nikalishika. Ubao mwingine wowote niliowahi kusimamia ungekuwa umezama pale katikati. Kwa hiyo kazi ulionunuliwa unaifanya.

Cha kuniuma ni hili tundu. Kurudi Kisumu kwa matatu uligongwa na jiko la mtu, tundu dogo upande wa kushoto wa pua, la shilingi kumi tu. EPS ikipata tundu inanyonya maji kwa hivyo sikutaka kungoja, nikaupeleka kwa fundi mmoja wa faiba anayetengeneza bampa za matatu, kazi zake safi kabisa. Akachanganya rezini yake, akamimina. Tukasikia kama mafuta yanakaanga. Povu likaanza kurudi nyuma mbele ya macho yetu, linayeyuka lenyewe, tundu la shilingi kumi likawa la kuingiza ngumi. Akasema tu, "Hii imekataa." Sikumlaumu sana, rezini ya poliesta ina stairini na stairini inakula povu la polistirini, na mimi ndiye nilipaswa kumwambia ndani kuna nini. EPS ni epoksi pekee. Nilijaza mwenyewe na vipande vya povu la kasha la friji na epoksi ya tyubu mbili ya hadwea, nikapiga msasa jioni mbili. Sura ni mbaya kama kovu la jipu lakini maji hayaingii.

Nta ya kupaka juu ya ubao miguu isiteleze pia, huku sijapata duka hata moja linalouza. Nilijaribu mshumaa, usijaribu mshumaa, unateleza kama sabuni ya kipande.

Kwa hivyo kama uko na kilo 60 hivi na unajua kuogelea, lita 32 hizi ni zako na hutajuta, hata ziwani. Kama uko saizi yangu anzia lita 38, na kwa ziwa ongeza tena, usisikize mwembamba anayeuza. Wangu bado uko ukutani kwa veranda, nauuza 25,000 nipate mkubwa wa muundo huohuo. Mapezi yote matano yapo, na kovu nitakuonyesha kwanza kabla hujauliza bei.