Kibodi na mausi za wayalesi: pima bega kwanza, seti baadaye

Siku hizi WhatsApp yangu imejaa mabega. Dada mmoja yuko SACCO huko Kasese, bega la kulia linamuwaka kila ikifika saa tisa mchana, ameshapaka dawa ya kuchua, ameshakandwa, ameshaombewa, wapi. Kaka wa Arua anatafsiri nyaraka kutwa nzima, usiku hawezi kulalia upande wa kulia. Karani wa wakili mmoja wa Jinja yeye mama mkwe amemwambia ni baridi imeingia mwilini, avae sweta. Wote nikawaomba kitu kimoja tu, nitumieni picha ya meza, na picha zikaja kama zimepigwa ofisi moja: laptopu nyuma, mbele yake kibodi ndefu ya wayalesi iliyotoka boksi moja na mausi yake, na mausi yenyewe imesukumwa huko ukingoni, bado kidogo idondoke.

Kwa hiyo mimi hapa sitaongea habari za DPI (wepesi wa mshale wa mausi), wala taa za rangi, wala vitufe vinapiga kelele kiasi gani, hayo yameandikwa kwenye boksi na muuzaji atakusomea bure. Nitaongea kile kipande cha namba kilichokaa kulia mwa kibodi. Ndiyo, hicho cha kalkuleta. Hicho ndicho kinawaumiza watu na dukani hakuna atakayekuambia, kwa sababu karibu kila seti waliyonayo kwenye shelfu inacho.

Sikiliza hesabu yake. Herufi zote pamoja na Enter na Shift zinachukua kama sentimita 28 hivi. Baada ya hapo ndiyo zinakuja Home, End na mishale, halafu namba, na hizo zinakula sentimita nyingine kama 16. Kibodi ya Logitech MK270, ile seti unayoiona kila ofisi, inakaribia sentimita 44. Logitech K380 haina kipande cha namba na ina sentimita 27.9 basi. Tofauti yote hiyo iko upande wa kulia, upande uleule mausi inapokaa. Ukikaa sawasawa, kitovu kikitazama katikati ya G na H, mkono wa kulia ulitakiwa ushuke tu kando ya mbavu ukutane na mausi. Sasa na kibodi ndefu hauwezi, inabidi utoke nje, kiwiko kinaachana na mbavu, na bega ndilo linaubeba mkono hewani mpaka jioni, yaani ni kama kondakta wa takisi aliyenyoosha mkono kudai nauli ya siti ya nyuma, ila yeye akishalipwa anaurudisha.

Hutaki kuniamini, jaribu. Shika mausi yako vile unavyoishika kila siku, usijirekebishe, halafu ingiza ngumi ya mkono wa kushoto kati ya kiwiko cha kulia na mbavu. Ikiingia kwa kubanwabanwa, uko salama. Ikiingia na nafasi inabaki, basi unajua kwa nini jioni unajikanda. Na kuna wajanja wanaoisukuma kibodi nzima kushoto ili mausi isogee, sasa mikono yote miwili inaandikia upande mmoja na mgongo umepinda, hilo nalo si dawa.

Wahasibu msinirukie. Najua mnazitaka namba, na walimu wanaojaza maksi, na mawakala wa mobile money wanaofunga hesabu usiku. Kibodi ya namba peke yake inauzwa, kadogo tu, unachomeka USB. Kaweke kushoto. Mkono wa kushoto unapiga namba, wa kulia umeshika mausi, siku za mwanzo utakosea sana, baadaye vidole vinazoea na kazi inakwenda mbio kuliko kurusha mkono uleule mmoja toka mausi mpaka namba mpaka mausi tena.

Haya, twende kwenye kununua. Na niseme mapema, mimi ni mtu wa Logitech, sijifichi, hawanilipi hata senti.

Namba moja kwangu ni K380 ukainunua peke yake, na mausi ya M650 peke yake. Nasema peke yake kwa sababu ndiyo siri yenyewe, usinunue seti. K380 imetoka 2015 na bado haijapitwa, inatumia Bluetooth, inashika vifaa vitatu, kwa hiyo laptopu ya ofisi ni kitufe cha kwanza, ya nyumbani cha pili, simu cha tatu, unabonyeza tu. Betri ni AAA mbili. Haina miguu ya nyuma, na hilo kwangu ni sifa, maana ile miguu midogo ya plastiki ambayo kila mtu akinunua kibodi anaisimamisha haraka haraka inainua vitufe na kukulazimisha ukunje viganja kwenda juu. Kama yako inayo, ilaze leo leo. Mapungufu yapo: vitufe vya duara vinahitaji kuzoea, Home na End unazipata kwa kushika Fn na mshale, na zile F za juu zimefanywa za kubadilisha vifaa na za sauti, kwa hiyo mtu wa Eksel akibonyeza F2 anashangaa kibodi imehamia kifaa cha pili. Unashika Fn pamoja nayo, basi, na nyingine unaingia kwenye programu yao ya Logitech unazigeuza, dakika chache. Kuna ndugu yake mpya wa 2023, Pebble Keys 2, ukimkuta yeye kwa bei ya karibu chukua.

Angalizo kwa watu wa ofisi: zile kompyuta za kusimama, hasa za mtumba, nyingi hazina Bluetooth ndani. Uliza kabla, au ongeza kidude cha Bluetooth cha USB, vinginevyo utafika ofisini na kibodi nzuri ya kutazama.

M650 ya 2022 naipendea kitu ambacho wengine hawakijali, ina saizi. Kuna ya kati na kuna kubwa, na hiyo kubwa ina toleo la wenye mkono wa kushoto. Mausi inauzwa kama vile wote tuna viganja sawa, jamani, kiganja changu na cha kaka yangu mpiga matofali vinawezaje kushika kitu kimoja? Mausi ndogo kwenye kiganja kikubwa inakufanya ukunje vidole kutwa, kubwa kwenye kiganja kidogo unaivuta kwa kutumia mkono mzima. Na kubonyeza kwake hakulii, mtoto amelala pembeni unaendelea na kazi yako.

Namba mbili ni kwa yule ambaye maumivu yameshuka mpaka kwenye kiganja. Kibodi iwe ileile, mausi ndiyo ubadilishe uchukue Logitech Lift, hiyo imesimama kwa digrii 57, unaishika kama unamsalimia mtu. Imetengenezwa kwa viganja vidogo na vya kati, ya kushoto ipo pia. Wenye viganja vikubwa watafute MX Vertical ya 2018. Lift ilitoka 2022 Marekani kwa dola 69.99, na hapa Uganda usitegemee kuipata kwa bei hiyo, lakini linganisha na pesa unayopeleka kwa mkandaji kila mwezi.

Na kama unafanya kazi usiku na umeme kwako ni wa kukatikakatika, MX Keys Mini ina taa chini ya vitufe na unaichaji kwa USB-C. Nayo haina kipande cha namba. Ni ghali, dola 99.99 ilipotoka 2021, na taa zikiwaka chaji yake ni ya siku kumi hivi, ukizizima inafika miezi mitano. Laptopu imebaki na chaji, giza limeingia, wewe unaendelea kuandika. Ningekuwa na pesa za kuchezea hii ingekuwa namba moja na ningeacha kuandika mwongozo.

Sasa wale mtakaoniuliza habari za kibodi za ergonomiki zenyewe, zile zimepinda kama mgongo wa nyati. Logitech ERGO K860, dola 129.99 ilipotoka, nzuri, ina mto wa kuegemeza viganja, imegawanya herufi katikati, kila kitu sawa. Halafu kulia wakabandika namba! Yaani wametengeneza kibodi ya kuponya mikono halafu bega wakaliacha lijitegemee. Wave Keys ya 2023 angalau wameibana, sentimita 37.6, lakini namba zipo palepale. Microsoft ndio walielewa, Sculpt yao ya 2013 ilikuja na namba kwenye kipande chake tofauti unakiweka unapotaka. Ila ukiikuta ya mtumba angalia kwanza kama ina risiva yake, kile kidude cha USB kinachopokea mawimbi ya kibodi, kwa sababu ile risiva imefungwa na kibodi yake kiwandani na hakuna nyingine duniani itakayoikubali. Bila risiva umenunua sinia. Wenyewe Microsoft walitangaza 2023 kwamba wanaacha kuuza kibodi na mausi kwa jina lao, kampuni ya Incase ndio wakazichukua, basi ikitokea mpya mahali niambie.

Namba tatu ni MK270, seti ambayo ofisi inakupa hata bila kuomba. Usiitupe. Mausi yake haijapinda upande wowote, kwa hiyo ihamishie kushoto. Windows ina sehemu ya kubadilisha vitufe vya mausi, ukitaka kidole cha shahada kibaki ndicho cha kubonyezea. Upande wa kushoto wa kibodi hakuna namba, mausi inakaa karibu kabisa na herufi, bega la kulia linapumzika. Utajiona mshamba mwanzoni, mshale utakuwa unaruka huku na kule kama mlevi wa waragi, vumilia. Ila na hii chunga risiva.

Seti za Dell na za HP ni imara, hazina shida, zina namba zote, kwa hiyo nilishasema. Zile za shilingi elfu arobaini za Uganda zisizo na jina nunua kama ni za mtoto kuchezea.

Sasa hao wauzaji. Nenda katikati ya mji Kampala, uliza K380, utaambiwa "nyabo (yaani mama), hiyo imeisha, lakini chukua hii seti, ni orijino, inakuja na mausi bure." Bure! Bei imeshajumlishwa humo ndani, na ndiyo mausi itakayokaa mbali na mbavu zako. Ukisema unataka kibodi peke yake unatazamwa kama umeomba mguu mmoja wa kiatu. Bei nayo ni ya usoni, ukiingia na begi la laptopu bei moja, ukimtuma kijana wa boda bei nyingine. Dola ikipanda wanapandisha siku hiyohiyo, dola ikishuka eti huu mzigo ni wa zamani. Halafu garantii, unaambiwa mwaka mzima, ukirudi na kibodi imekufa garantii ilikuwa ya kupimia dukani tu. Duka moja lilikataa kunifungulia boksi eti ninaharibu sili, nikakomaa, likafunguliwa, risiva hamna ndani. Kwa hiyo boksi lifunguliwe mbele yako, ichomekwe kwenye kompyuta, andika sentensi nzima, bonyeza kila kitufe, na risiti iandikwe namba ya modeli siyo "keyboard 1".

Ukishafika nyumbani na mausi ya risiva inakwamakwama, kabla hujarudi kugombana na mtu angalia umechomeka wapi. Yale matundu ya bluu ya USB 3.0 yanatoa kelele inayogongana na mawimbi ya 2.4 GHz, ndiyo hayo risiva inayotumia, Intel wenyewe waliandika hilo 2012, na hapo kando umechomeka hadi diski. Hamishia tundu jingine au tumia waya wa kurefusha uilete risiva karibu na mausi. Na betri weka za alkalaini, zile za bei ya chewing gum zinavuja maji na kula chuma cha ndani, wala hutajua mpaka siku ya kubadilisha.

K380 yangu mwenyewe niliipata kwa mama mmoja anayeuza vifaa vya simu, alikuwa nazo mbili, nyeusi na ya pinki, ya pinki imezidi bei kwa elfu ishirini. Nikamuuliza kwa nini, akajibu "mwanangu, hiyo ni ya wadada." Nikachukua nyeusi.