Tairi za Baridi kwa Lori: Usiisahau Ekseli ya Mbele

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Hapa nimesimamisha tairi mbili mpya za lori, zote saizi 315/80R22.5. Hii ya kushoto ni ya difu, yaani ekseli ya nyuma inayovuta lori, ya kulia ni ya usukani, yaani ya mbele. Msimu wa baridi ukikaribia swali linakuwa moja: "Nina hela ya tairi nne tu za theluji, nizifunge wapi?" Na wengi wanaouliza wameshaamua kuzifunga kwenye difu, kwa kuwa ndiko lori linakovutia. Nami niliamini hivyo hivyo, mpaka siku iliyonitisha.

Nilipanda mlima wenye theluji, tairi za difu nzuri kabisa, lori likavuta bila kusita. Nikavuka kilele, nikaanza kuteremka. Kwenye kona nakata usukani, kichwa cha lori kinaendelea kwenda mbele tu. Nakata zaidi, wapi! Tairi za mbele zilikuwa za kiangazi na kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga barabara, zimeshalika. Kilichonizuia ni lundo la theluji pembeni mwa barabara. Difu ilinipandisha vizuri, lakini haikuwa na uwezo wa kunikatia kona.

Kwa hiyo jibu langu ni hili: usinunue nne. Kwa kichwa cha ekseli mbili, chukua sita za misimu yote zenye alama ya mlima, mbili za mbele na nne za difu, hata kama si za daraja la juu kabisa, kuliko nne bora za difu huku mbele umeacha za kiangazi.

Alama yenyewe hii hapa, sogeza kamera ubavuni. Mlima wa vilele vitatu, ndani yake chembe ya theluji. Tairi haipewi alama hii mpaka ijaribiwe kwenye theluji na kufikia kiwango. Hizi herufi M+S pembeni, yaani matope na theluji, mtengenezaji huziweka mwenyewe kwa kufuata umbo la kashata, bila kulazimika kufanya jaribio hilo. Usidanganyike nazo. Ujerumani, tangu Oktoba 2024, M+S peke yake haikubaliki tena barabara ikiwa na theluji au barafu, na kwa lori zito alama ya mlima inatakiwa kwenye ekseli zinazovuta na ile ya mbele ya usukani. Norwei wamekwenda mbali zaidi: kuanzia 15 Novemba hadi 31 Machi, lori zito lifungwe tairi za baridi kwenye ekseli zote, za tela zikiwemo, na kina cha kashata kisipungue milimita 5.

Na hilo la tela nawaunga mkono kwa moyo wote. Tela tupu kwenye barafu, ukikanyaga breki, linaweza kuserereka ubavu likaja kukukuta dirishani.

Sasa angalia kashata. Unaona zimechanjwa chale? Mistari myembamba, nachomeka kadi, inaingia. Tairi ikikanyaga chini chale hizi hufunguka, na kila ukingo unauma theluji. Mifereji mipana nayo inabeba theluji na kuishindilia, na theluji hushikana na theluji; ndiyo maana ukiifinya mkononi inakuwa donge. Bonyeza na mpira wenyewe: umechanganywa ili usikakamae kwenye baridi kali. Wa kiangazi hukauka kama ubao. Lakini barafu tupu inayong'aa ni jambo jingine. Hapo chale zinasaidia kidogo tu, beba minyororo, na ujifunze kuifunga kabla hujakwama.

Kasoro zipo. Tairi hii ya difu ina kelele, inakula mafuta zaidi, na kwenye lami yenye joto inalika haraka. Kama safari zako nyingi ni za barabara kuu inayosafishwa kila siku, za misimu yote zinakutosha. Kama unapanda milima au unaingia machimboni na misituni alfajiri kabla barabara haijaparuliwa, chukua za theluji hasa.

Ukinunua, soma namba ya uwezo wa mzigo, isiwe chini ya ile ya gari lako. Tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, ni wiki na mwaka wa kutengenezwa. Na kwenye magurudumu pacha, yale yanayokaa mawili mawili upande mmoja, usichanganye mpya na iliyolika: kubwa itabeba mzigo wote na ndogo itaburuzwa.

Halafu upepo. Umejaza psi 110 (psi ni kipimo cha upepo wa tairi) ndani ya karakana yenye nyuzi 20, ukalala nje kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri. Asubuhi geji itasoma kama 97, na hakuna pancha yoyote. Pima tairi ikiwa imepoa, uongeze, hasa za pacha za ndani ambazo wengi hatuinami kuzifikia.

Mkishafunga, endesheni kilomita 50 hadi 100 kisha msimame mkaze nati upya kwa spana ya kipimo. Mwenye swali aliandike hapo chini, ataje saizi, ekseli na aina ya barabara anayopita, nitamjibu.