Fiti ya baiskeli ya mbio: fundi anayeanza na siti, muage

Malalamiko ni yale yale. Mtu kalipa fiti kamili, yaani kupimwa na kurekebishiwa baiskeli ilingane na mwili wake, kabandikwa vitaa mwilini, kapewa karatasi yenye pembe zilizopakwa kijani, halafu kilomita ya 40 goti la kulia linaanza kuuma upande wa ndani. Anarudi studio, siti inashushwa milimita 4. Wiki inayofuata linauma tena. Mwombe apige picha nyayo za viatu vyake, jibu utaliona hapo hapo: kliti ya kulia (kipande cha chini ya kiatu kinachonasa kwenye pedali) imefungwa ikivuta kisigino kuelekea krenki (mkono unaobeba pedali), ya kushoto imenyooka, na vumbi lililoganda kwenye vichwa vya skrubu linasema hakuna alenki iliyogusa pale tangu viatu vitoke dukani.

Kwa hiyo hapa hatutazungumzia ukubwa wa studio wala kahawa wanayokuandalia. Huduma zinapangwa kwa swali moja ambalo wauzaji wengi hawalipendi: mguu unaangaliwa saa ngapi?

Kliti kwanza, siti baadaye

Mpanda baiskeli anagusa chombo chake sehemu tatu. Kwenye siti anaweza kujisogeza, kwenye usukani anabadilisha mikono akichoka, lakini mguu umefungwa. Krenki ikizunguka mara 85 kwa dakika, ndani ya saa moja goti limekunjwa na kunyooshwa zaidi ya mara 5,000 juu ya mguu ambao hauna ruhusa ya kuchagua njia yake. Kliti iliyopinda digrii 3 haiumizi leo kwenye trena ya studio, kile kifaa cha kushikilia baiskeli ukanyage papo hapo. Inaumiza saa ya pili barabarani, wakati fundi keshafunga hesabu yako.

Kuna sababu nyingine, nayo ni ya hesabu tupu. Kliti ikirudishwa nyuma milimita 5, mara nyingi siti inatakiwa ishuke kama milimita 2, kwa kuwa umekata kipande cha mguu kinachofikia pedali. Siti nayo ikisogezwa nyuma sentimita 1 kwenye reli zake, umbali wake kutoka katikati ya krenki unaongezeka karibu milimita 3 bila mtu kugusa nguzo ya siti. Vipimo hivi vimeshikana mikono. Anayemaliza siti ndipo akumbuke viatu inabidi aanze upya, na wengi hawaanzi upya. Wanaacha viatu vilivyo.

Anayejua kazi utamtambua mapema. Anakuketisha ukingoni mwa meza miguu ikining'inia, hakwambii unyooshe, anatazama nyayo zinaelekea wapi zenyewe. Halafu unavaa viatu na kuvikaza kama unavyokaza siku ya mbio. Anabonyeza kwa dole kupitia ngozi ya kiatu hadi apate nundu ya mfupa chini ya kidole gumba, kisha nyingine chini ya kidole cha mwisho, na kubandika utepe pembeni mwa kiatu kwenye kila nundu. Ekseli ya pedali ipite kati ya alama hizo mbili. Mwenye ganzi ya vidole anarudishiwa kliti nyuma zaidi. Inafuata pembe, kisha kliti iwe karibu au mbali kiasi gani na krenki. Skrubu zote tatu zinakazwa kwa kipimo, 5 hadi 6 Nm (njutonimita, kipimo cha nguvu ya kukaza) kwa kliti za Shimano SPD-SL, si kwa nguvu za mkono. Hapo nusu saa imeshapita na baiskeli haijapanda trena. Usinung'unike, hiyo ndiyo sehemu unayoilipia.

Rangi ya kliti nayo aitaje. Za Shimano za njano zinaachia kisigino kucheza digrii 6, za buluu 2, nyekundu hazichezi kabisa. Kwa Look Keo, kliti za kampuni nyingine, nyekundu ndiyo inayocheza sana, digrii 9, ya kijivu 4.5, nyeusi sifuri. Umeona mtego? Nyekundu ya huku si nyekundu ya kule. Kama huna sababu maalumu, chagua za njano za Shimano, na fundi ahakikishe kisigino chako kinakaa katikati ya ule mchezo, si kimeegemea mwisho mmoja muda wote. Kikiegemea, pembe si sahihi hata kama goti halijalalamika bado.

Viatu vya mtumba vinataka aya yao. Kiatu kizuri cha kaboni kinaweza kuja na kliti ya mwenye kwanza, imelika upande mmoja kwa sababu yeye alishusha mguu wa kushoto kwenye taa za barabarani. Kliti iliyolika inayumba, na fiti iliyofanywa juu yake ni nyumba juu ya mchanga. Weka mpya kabla ya kwenda. Angalia pia kama ni Look au Shimano: zote zinafungwa kwa matundu matatu yale yale ya kiatu, ila ya mmoja haiingii kwenye pedali ya mwingine.

Nafasi ya kwanza: Retül, lakini kwa sharti

Sifichi, naegemea Retül. Mfumo huu wa kupima mwendo wa mwili ulianzia Boulder, Colorado mwaka 2007, kampuni ya baiskeli ya Specialized wakaununua mwaka 2012. Vitaa vinabandikwa sehemu nane, kuanzia kifundo cha mkono, kiwiko, bega, nyonga, goti, hadi kifundo cha mguu, kisigino na mbele ya kiatu, na kamera inasoma mwendo wa pande zote tatu wakati unakanyaga. Upande wa tatu ndio wa thamani. Video ya kawaida inakuona kwa ubavu tu. Goti linaloingia ndani kila linaposhuka halionekani kwa ubavu. Ukimaliza, baiskeli yenyewe inapimwa kwa kifaa chao cha Zin na unapewa ramani yake kwa milimita.

Sharti ni lile lile. Mashine haiangalii kliti, mtu ndiye anaangalia. Retül iliyoendeshwa na muuza duka aliyesoma kozi ya siku chache inakupa makosa yako mwenyewe yaliyopimwa kwa usahihi mkubwa. Ukipiga simu kuweka miadi, uliza: «Mnaanzia wapi?» Akijibu «urefu wa siti», muage kwa adabu.

Uliza pia pembe ya goti anaipimaje. Goti likipimwa umesimamisha pedali chini, lengo huwa digrii 25 hadi 35. Likipimwa unakanyaga, mtu yule yule kwenye siti ile ile anasoma zaidi, mara nyingi 35 hadi 40, kwa sababu kifundo na nyonga vinasogea. Wasomaji wanaokuja na karatasi mbili za studio mbili, moja 30 nyingine 38, wakidhani mmoja kawaibia, wengi wao hawajaibiwa. Ila fundi asiyeweza kukueleza tofauti hiyo hajui karatasi yake inasema nini.

Kwa ganzi ya msamba, mfumo wa Ujerumani wa gebioMized una kitambaa cha kupima mgandamizo kinachovikwa siti. Ni mzuri sana kwa jambo hilo moja, na studio yenye vyote viwili, ukiipata, ilipie.

Nafasi ya pili: mfiziotherapia anayepanda baiskeli

Huyu hana vitaa. Ana timazi, kipima pembe cha plastiki, na mikono. Kwa mtu mwenye maumivu ya zamani, mguu mmoja mfupi au mgongo ulioumia, ningemweka juu ya Retül bila kusita. Atakulaza na kuona nyonga inakunjika kiasi gani kabla ya kuamua usukani ushuke kiasi gani. Atajua kama mguu mfupi ni mfupi kweli au ni nyonga iliyoinama, na hapo ndipo kibanzi chini ya kliti, kipande chembamba cha kunyanyua mguu, kinaponya au kinaharibu. Akiweka kibanzi cha milimita 6 mara moja, kataa. Mwili hupewa hatua ndogo, 2 au 3, halafu wiki kadhaa.

Udhaifu wake huwa vifaa. Baiskeli ikiwa kwenye trena, ekseli mbili za magurudumu zisipokuwa sawa kimo kwa sentimita 2, mwinamo wa siti unadanganya kwa zaidi ya digrii 1. Kipimo cha pima maji ni sekunde kumi. Usipomwona akikitumia, mwombe.

Nafasi ya tatu: video ya ubavu

Kamera moja ya pembeni inatosha kwa baiskeli mpya na mwili usio na kidonda. Wengi wanaanza na kanuni ya 0.883, iliyojulikana enzi za Greg LeMond, bingwa wa mbio za baiskeli: pima mguu kutoka msamba hadi sakafuni bila viatu, zidisha. Mwenye sentimita 82 anapata 72.4 kutoka katikati ya krenki hadi juu ya siti. Ni mahali pa kuanzia, haijui krenki yako ni ya milimita 165 au 175, wala unene wa soli yako. Anayeishia hapo na kukutoza, hilo ungefanya nyumbani kwa kitabu kigumu na futi ya fundi cherehani.

Fiti ya bure ya dukani ukinunua baiskeli: ni ya kukutoa mlangoni. Programu za kujipima kwa video kama MyVeloFit: afadhali kuliko kubahatisha, siti utaipata, kliti hutaipata.

Bei, na mengine yanayoudhi

Marekani fiti kamili ya vitaa mara nyingi inaanzia dola 200 na kupanda kupita 400. Sina ugomvi na saa tatu za mtu anayejua kazi. Ugomvi ni yale yanayofuata. Studio yenye aina moja ya siti ukutani hugundua, ajabu, kwamba kila makalio yanahitaji siti hiyo. Siti ya Power ya Specialized inakuja kwa upana wa milimita 143, 155 na 168, na hata wao wanakubali kwamba upana unatokana na mifupa ya makalio, si na kilichobaki stoo. Uliza kabla: naweza kuondoka na siti ya majaribio kwa wiki? Soli za ndani za kuoka, zinazopashwa moto zifuate umbo la mguu, zinauzwa vivyo hivyo, dakika ya mwisho, ukiwa umechoka na umevua shati.

Baya zaidi ni wanaokataa kukupa namba. Eti ni «siri ya studio». Vipimo vya mwili wako! Usilipe salio kabla hujashika karatasi yenye urefu wa siti kutoka katikati ya krenki, umbali wa ncha ya siti nyuma ya krenki, ncha ya siti hadi usukani, tofauti ya kimo kati ya siti na usukani, mwinamo wa siti, urefu na pembe ya stemu (kiungo kinachoshika usukani), urefu wa krenki, na mahali kliti ilipo kwa kila kiatu. Hiki cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Chora mzunguko wa kliti kwa kalamu ya rangi kwenye soli kabla hujatoka, piga picha, maana kliti zitalika na siku ya kubadilisha hutakuwa na pa kuanzia. Na kwenye nguzo ya siti zungushia utepe wa umeme: nguzo ya kaboni isiyopakwa krimu yake ya kuzuia utelezi huweza kuteleza milimita 3 au 4 taratibu, mtu akadhani mwili umebadilika.

Jambo moja kwa wenye baiskeli za kisasa zenye mabomba ya breki ndani ya usukani. Kubadilisha stemu hapo si skrubu nne. Mara nyingi ni kukata mabomba, kutoa hewa kwenye breki, nusu siku ya fundi na bili ya pili. Mwenye baiskeli ya namna hiyo atafute studio yenye baiskeli ya kupimia inayorekebishika, ajaribu stemu ya milimita 90 na ya 110 humo kwanza. Bora zaidi, fiti ifanyike kabla ya kununua baiskeli, ingawa wauzaji wanapenda iwe baada.

Siku ya miadi beba viatu vyako vya mbio, kaptula yako yenye pedi, na baiskeli iliyooshwa. Kabla hujaenda uliza ziara ya pili ni lini na inalipiwa au la. Iwe ndani ya wiki mbili hadi nne, baada ya kilomita 300 hivi, na iwe ndani ya bei ya kwanza. Anayetoza tena kwa kugeuza kliti aliyoifunga mwenyewe, mshushe nafasi mbili chini.