Vinyeti za kidijitali za Austria, Slovenia na Uswisi: uzoefu wangu wa safari ya gari kutoka Munich hadi Dubrovnik na kurudi

Nianze na hukumu yangu, maelezo yatafuata. Stika za barabara za kidijitali, zile wanazoziita vinyeti, yaani kibali cha kutumia barabara kuu kwa muda uliolipia, ndizo zilizotufaa kuliko huduma nyingine yoyote tuliyolipia katika safari yetu ya majira ya joto ya mwaka 2025. Tulinunua za nchi tatu, kila moja kwenye tovuti ya wenye barabara wenyewe, na hakuna hata moja iliyotusumbua. Naandika kwa kirefu kwa sababu Watanzania na Wakenya wenzangu huku Ujerumani wakiniuliza namna ya kupanga safari kama hii, naona wengi huanza na hoteli na kilomita. Suala la kulipia barabara huwakuta mpakani, watoto wamechoka, intaneti haishiki.

Tuliondoka Munich na gari la kukodi la viti saba, maana Mama alikuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga na hatukutaka abanwe. Tukapita Salzburg, tukavuka milima kwa barabara ya A10, tukaingia Slovenia kwa handaki la Karawanken. Kisha Ljubljana, Zagreb, na A1 ya Kroatia hadi Split, halafu Dubrovnik. Kurudi tulishika njia nyingine: Rijeka, Trieste, Venice, Milano, handaki la Gotthard, Zürich, mpaka Munich tena. Mzunguko huo haukuja hivihivi. Tuliuchora kwa kufuata malipo ya barabara, na utaona hapa chini umetuokolea nini.

Kwa anayetoka nyumbani, malipo ya barabara ni kama yale ya daraja la Kigamboni: unafika kwenye kibanda, unalipa, unapita. Italia na Kroatia bado wana mtindo wa karibu na huo, ila wao wanahesabu umbali. Unachukua tiketi unapoingia barabara kuu na unalipa unapotoka. Ujerumani gari dogo halilipi kitu. Mpango wao wa kutoza uliangushwa na Mahakama ya Ulaya mwaka 2019. Lakini Austria, Slovenia na Uswisi unanunua muda. Hakuna kibanda wala mtu wa kukukumbusha. Namba ya gari yako iko kwenye mtambo wao au haiko, na kamera haina huruma. Slovenia faini inaanzia euro 300. Uswisi ni faranga 200, na juu yake bado unailipia stika yenyewe.

Austria wauzaji ni ASFINAG, shirika linalosimamia barabara kuu zao. Ile ya siku 10 mwaka 2025 ilikuwa euro 12.40. Tuliinunua kwa simu tukiwa kwenye maegesho ya kampuni ya magari, mke wangu akisoma namba ya gari herufi kwa herufi na mimi nikiandika. Hili la namba ndilo jambo kubwa kwa anayekodi gari: stika ya kidijitali inafungwa na namba, na namba huijui mpaka ukabidhiwe ufunguo. Kwa hiyo usijaribu kuinunua wiki mbili kabla. Ile ya siku 10 inaweza kuanza kazi saa hiyohiyo. Wenye magari yao wanaotaka ya mwaka mzima ndio wenye kujipanga mapema, kwa sababu mtu binafsi akiinunua mtandaoni inaanza siku ya 18 tu. Chanzo chake ni sheria ya Ulaya inayompa mnunuzi wa mtandaoni haki ya kughairi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Stika ya Austria haifuniki kila kitu. Vipande vya milimani vyenye mahandaki marefu vina malipo yake: Brenner kwenye A13, Tauern kwenye A10, Arlberg, na Karawanken mpakani na Slovenia. Tauern mwaka 2025 ilikuwa karibu euro 15. Malipo haya nayo unaweza kuyafanya mapema kwenye tovuti hiyohiyo ya ASFINAG, na ninakushauri ufanye hivyo. Jumamosi ya Agosti, Wajerumani na Waholanzi wote wanaelekea kusini, na kwenye lango la Tauern aliyelipa mtandaoni anashika njia yake, kamera inasoma namba, kizuizi kinainuka. Mama alishangaa mno. Akauliza, «Sasa huyo aliyetufungulia yuko wapi?»

Programu za ramani zina kitufe cha kuepuka barabara za kulipia. Usikitegemee Austria wikendi za kiangazi. Mikoa ya Tirol na Salzburg imekuwa ikipiga marufuku magari ya wapitanjia kuiacha barabara kuu na kukatiza vijijini ili kukwepa foleni, na polisi wanasimama kwenye njia za kutokea na kukurudisha. Nawaelewa kabisa. Mwenye kijiji chake anataka gari la wagonjwa lipite.

Slovenia wamehamia kwenye stika ya kidijitali tangu mwaka 2022, na wauzaji ni DARS, kampuni ya barabara kuu zao. Ya wiki ilikuwa euro 16, ya mwezi 32. Tovuti ni rahisi, lakini inakuuliza daraja la gari, na hapo ndipo penye mtego kwa familia kubwa. Gari ambalo kimo chake juu ya ekseli ya mbele ni chini ya mita 1.30 ni daraja la 2A. Likifika kimo hicho au zaidi ni 2B, na bei ni mara mbili. Pima kwa futi kabla hujajaza, hasa ukiwa na basi dogo la kubebea mizigo. La kwetu lilikuwa 2A.

Sasa hesabu ya kwenda na kurudi. Ukikaa Kroatia zaidi ya wiki, stika ya wiki itakuwa imekwisha unaporudi, na mbili za wiki ni bei ileile ya moja ya mwezi. Basi anayerudi kwa barabara kuu ya Slovenia achukue ya mwezi moja kwa moja. Sisi tulinunua ya wiki tu, kwa sababu kutoka Rijeka kwenda Trieste ipo barabara ya kawaida inayoingia Slovenia pale Pasjak, inapita Kozina na kutokea Italia, na haihitaji stika hata kidogo. Ni kipande kifupi, msitu pande zote mbili, malori si mengi. Ningeipita hata kama ingekuwa ya kulipia.

Kroatia sina mengi. Tangu Januari 2023 wamo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa kawaida kwenye mipaka yao, na wanatumia euro, kwa hiyo hakuna kubadilisha hela. Barabara yao kuu ya A1 ni nzuri sana, tiketi unachukua karibu na Zagreb na kulipa karibu na Split, na kadi zinapokelewa. Kiangazi wanapandisha bei kwa asilimia 10.

Ila lipo jambo moja ambalo kwa mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Kongo ni zito kuliko fedha. Pwani ya Kroatia inakatwa na kipande kidogo cha Bosnia pale Neum, na Bosnia haimo Schengen. Mama alikuwa na viza ya kuingia mara moja tu. Angepita Neum angekuwa ametoka Schengen, na kurudi kungekuwa na maswali ambayo sitaki mama yangu aulizwe kando ya barabara. Mungu awabariki waliojenga daraja la Pelješac. Lilifunguliwa Julai 2022, urefu wake ni kilomita 2.4, halina malipo, na linakupitisha juu ya bahari bila kuigusa Bosnia. Angalia ramani yako vizuri, uweke Pelješac kama kituo cha kupitia, kwa sababu programu ikiona njia ya Neum ni fupi itakupeleka huko bila kujua una pasipoti ya wapi.

Na msidanganywe na neno Schengen mkadhani hakuna anayeuliza. Slovenia ilikuwa ikikagua wanaotoka Kroatia, Italia ikikagua wanaotoka Slovenia, na Ujerumani mipaka yake yote ya nchi kavu tangu Septemba 2024. Trieste tulisimamishwa. Afisa alikuwa na adabu, akatazama kibali changu cha ukaazi, viza ya Mama, akatutakia safari njema. Pasipoti zilikuwa mkobani mbele, si chini ya masanduku. Waliokuwa mbele yetu walikuwa bado wanashusha mabegi.

Italia ni vibanda tena. Lango lenye alama ya njano peke yake ni la wenye kifaa cha kulipia cha Telepass, la bluu ni la kadi, jeupe ni la fedha taslimu. Ukijikuta umeingia la njano bila kifaa, usirudi nyuma hata kama wanakupigia honi. Bonyeza kitufe, utapewa karatasi ya deni, nawe una siku 15 za kulipa. Hatari kubwa zaidi Italia iko mjini: maeneo yaliyoandikwa ZTL, ambayo gari la mgeni haliruhusiwi saa fulani, na kamera ziko mlangoni. Gari likiwa la kukodi, mikataba mingi inakutoza ada kwa kupeleka tu jina lako kwa polisi, na faini yenyewe inakuja baadaye. Tuliacha gari Mestre tukaingia Venice kwa treni. Mama alitembea madaraja yote yale bila kulalamika.

Uswisi. Hapa maoni yangu yamegawanyika. Kwa urahisi wa kununua hakuna wa kuwashinda. Tangu Agosti 2023 stika yao ipo kidijitali kwenye tovuti ya idara yao ya forodha, hufungui akaunti, unaandika nchi na namba ya gari, unalipa faranga 40, imekwisha. Lakini wanauza ya mwaka mzima tu. Anayepita mara moja kutoka Chiasso kwenda Zürich analipa sawa na anayeendesha huko kila siku. Kwa gari lako mwenyewe ni bei nzuri mno, maana inafanya kazi kuanzia Desemba mosi ya mwaka uliotangulia hadi Januari 31 ya mwaka unaofuata. Kwa gari la kukodi, stika inabaki na namba ya gari hilo unapolirudisha. Kabla hujalipa, kagua kioo cha mbele, kwani ile ya kubandika bado inauzwa na huenda mkodishaji aliyekutangulia ameshaibandika. Handaki la Gotthard, kilomita 16.9, limo ndani ya hiyo bei. Foleni yake ya wikendi ndiyo balaa. Tulipita siku ya Jumanne asubuhi na hatukusimama.

Asiye na hamu ya kuiona Uswisi, atoke Verona apande Brenner: mwaka 2025 ilikuwa euro 12 za Brenner na stika ya siku 10 ya Austria. Ni nafuu kuliko faranga 40. Sisi tulitaka kumwonyesha Mama theluji mwezi wa nane, na aliiona.

Jambo moja zaidi la Uswisi: sheria ya simu ya Umoja wa Ulaya haiwafungi, kwa hiyo intaneti yako inaweza kukatika au kukutoza vibaya. Pakua ramani za nje ya mtandao ukiwa bado Italia, na stika uinunue hukohuko.

Kutoka Zürich kurudi Munich unakatiza kona ya Austria karibu na Bregenz. Stika yetu ya siku 10 ilikuwa imeshakufa. Hatukununua nyingine, kwa sababu kipande cha A14 kati ya Hohenems na mpaka wa Ujerumani kimesamehewa stika tangu Desemba 2019, ili magari ya wapitanjia yasijazane mijini. Lazima uingie A14 pale Hohenems au baada yake, kwa mfano kwa kuvuka kutoka St. Margrethen. Ukiingilia kusini zaidi unadaiwa.

Lawama yangu ninaielekeza kwa madalali. Ukitafuta neno «vignette» mtandaoni, matangazo ya juu kabisa mara nyingi si ya ASFINAG wala DARS wala serikali ya Uswisi. Ni tovuti zilizopambwa kwa bendera na nembo, zinakuuzia kitu kilekile na kuongeza ada yao. Shemeji yangu alilipa kwenye mojawapo karibu mara mbili ya bei, akidhani yuko serikalini. Stika ilifanya kazi, hakuibiwa kwa maana ya polisi, lakini fedha ya familia imekwenda kwa mtu ambaye hakufanya lolote zaidi ya kunakili namba ya gari. Andika anwani ya asfinag.at au evinjeta.dars.si mwenyewe kwa mkono.

Na ukishanunua, soma tena namba kwenye risiti mbele ya gari lenyewe. Herufi O na sifuri zinafanana kwenye skrini ndogo, na namba za Ujerumani zina herufi zenye nukta mbili juu, Ä, Ö na Ü, ambazo kibodi ya simu ya Kiswahili au Kiingereza inazificha. Bonyeza herufi kwa muda mrefu, zitatokea. Risiti zihifadhi kwenye simu mbili, na usizifute ukirudi nyumbani: barua ya faini kutoka nchi nyingine inaweza kuchukua miezi kukufikia, na kwa gari la kukodi inaanza kwanza kwa kampuni.