Adapta ya Wi-Fi kwa Linux: uliza namba ya toleo kabla hujatoa hela

Shilingi 35,000 zangu zimebaki Kariakoo na hazitarudi. Chini ya risiti kuna yale maneno tunayoyajua wote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Wala sikukurupuka. Nilisoma wiki nzima, nikaandika jina la modeli ya adapta, kile kifaa cha USB cha kushikia Wi-Fi, kwenye karatasi, nikanunua ile ile, herufi kwa herufi. Nyumbani nikaichomeka kwenye laptopu yangu ya Ubuntu (aina mojawapo ya Linux), taa haikuwaka. Nikaandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, kwenye terminali, na chipu iliyojitokeza haikuwa ile niliyoisoma. Nikachukua boksi nikaligeuza. Chini ya mistari ya msimbopau, kwa maandishi madogo hadi nikawasha tochi ya simu, pameandikwa "Ver: 2.0". Sifa zote nilizosoma zilikuwa za toleo la kwanza.

Kampuni hubadilisha chipu na kuliacha jina. Mfano unaojulikana sana ni TL-WN722N ya TP-Link (yangu haikuwa hiyo, ila ugonjwa ni ule ule). Toleo la kwanza lilikuwa na Atheros AR9271, ambayo Linux huipokea bila maswali. Kuanzia toleo la pili ndani kuna Realtek RTL8188EUS, na watu walihangaika nayo miaka mingi. Mwenye Windows hata hajui kama kuna tofauti. Sisi ndio tunaoumia, maana draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, ama imo ndani ya kerneli (kiini cha Linux) ama haimo. Isipokuwemo utaambiwa uipakue ujenge mwenyewe, na kerneli ikisasishwa mwezi ujao Wi-Fi inaweza kukatika tena. Kwa hiyo usiniulize kuhusu kasi wala urefu wa antena. Niulize chipu.

Chaguo langu la kwanza ni Alfa AWUS036ACM, na sioni haya kusema naipendelea. Ina chipu ya MediaTek MT7612U, ambayo draiva yake imo kwenye kerneli tangu 4.19 ya mwaka 2018. Unachomeka, unachagua mtandao, unaweka nenosiri, basi. Inashika GHz 2.4 na 5. Ukiichomeka kwenye tundu la USB 3 na GHz 2.4 ikawa inasuasua, tumia kebo ya kurefusha uisogeze mbali na laptopu, kwa sababu USB 3 yenyewe huvuruga masafa hayo. Lakini hata hapa fungua macho: kuna AWUS036ACH, herufi moja tu tofauti, na yenyewe ina RTL8812AU. Draiva ya chipu hiyo imeingia kwenye kerneli mwaka 2025 tu. Ubuntu 24.04 ilitoka na kerneli ya zamani zaidi, 6.8. Muuzaji akikwambia "dada, hizi ni kitu kimoja", kataa.

La pili ni kadi ya ndani ya Intel, AX200 au AX210, kama laptopu yako ina nafasi ya M.2 ya kadi ya Wi-Fi na hutaki kitu kinachoning'inia pembeni. AX200 inataka kerneli 5.1 kwenda juu, AX210 inataka 5.10. Ukipewa AX201 au AX211 irudishe pale pale. Zinaingia kwenye nafasi ile ile, lakini zimetengenezwa kushirikiana na prosesa za Intel zinazozikubali, na kwenye laptopu ya AMD ni pambo tu. Wenye laptopu za ThinkPad za zamani kama X240 na T440 nao wawe makini: BIOS yake, ile programu inayoiwasha mashine, ina orodha ya kadi inazozikubali, na ukiweka nyingine mashine inagoma kuwaka na kuandika kosa 1802.

La tatu, chochote chenye AR9271. Ni GHz 2.4 peke yake na Mbps 150, ila haijawahi kunisumbua. Vile vijiti vidogo vya bei rahisi nunua tu ukithibitisha ndani kuna MT7601U au RT5370.

Kama umeshanunua kibaya na huna intaneti, unganisha simu kwa kebo ya USB na uwashe kushiriki intaneti kwa USB. Linux huiona kama waya wa mtandao, na bando lako litakuvusha hadi usakinishe draiva.

Kinachonikera zaidi ni dukani. Unauliza chipu, unajibiwa "inakubali zote". Unaomba kusoma stika, unaambiwa boksi likifunguliwa umenunua. Nani ananunua kiatu bila kukijaribu? Siku hizi naenda na laptopu yangu imewashwa, terminali iko wazi. Namwomba kaka wa duka aichomeke mwenyewe, naandika lsusb mbele yake. Ikitokea namba 0e8d:7612 ni MT7612U, ikitokea 0cf3:9271 ni AR9271, nalipa hapo hapo. Akikataa kuichomeka, navuka barabara naingia duka linalofuata.